Mke Wangu na Neno Mkereketo

Mtu wa umri wangu husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Mimi sijala. Nina miaka sitini na mmoja, na kati ya hiyo miaka thelathini na mmoja nimekula mboga isiyo na chumvi ya maana, isiyo na pilipili, isiyo na hata kitunguu kibichi, yote kwa sababu ya ulimi wa mke wangu. Kwa hiyo mkinisikia namsifu mwanamke huyu, msiseme natia chumvi. Chumvi yenyewe ningeitoa wapi?

Mke wangu ni mwonjaji. Kuna watu hawaamini kwamba hiyo ni kazi. Wananiuliza, "Shemeji anafanya nini pale kiwandani?" Nikijibu kwamba anaonja soda, wanacheka, wanasema hata wao wangeiweza. Ebo! Muweze nini? Nyinyi mkinywa soda mnajua kitu kimoja tu, kwamba ni tamu. Yeye akitia kijiko kimoja kinywani anakwambia maji haya yamepita kwenye bomba jipya, sukari ya leo imetoka kwenye gunia lililokaa sana, na aliyeosha tangi hakulisuuza mara ya pili. Kisha anatema. Hamezi kamwe. Pembeni yake kuna kopo jeupe la kutemea, lenye mfuniko, analiosha mwenyewe, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa.

Mbele yake huwa kuna fomu. Ina mistari yake: utamu, uchachu, uchungu, gesi, harufu. Kila mstari unapewa alama, na chini kabisa kuna maneno mawili, "Imepita" na "Haijapita". Moja analizungushia duara kwa kalamu, anatia sahihi. Bila sahihi hiyo hakuna kreti inayopakiwa kwenye gari. Mameneja wanne wamekalia kile kiti na kuondoka, sahihi ni ileile, ndogo, imelala upande mmoja. Kiwandani wanamwita Mama Ulimi. Asiyemjua anadhani ni mmbeya. Wapi! Maneno ya mwanamke huyu ni ya kuhesabu, ulimi wake una shughuli nyingine.

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko nyuma ya posta, hatua kumi kutoka kwenye ngazi, na mpaka mwaka jana nilikuwa mvutaji wa sigara. Tena si wale wa kuomba moja kwenye sherehe. Nilikuwa navuta kabla sijanawa uso. Sasa hebu fikiria, mwonjaji na mvutaji chini ya bati moja! Wiki ya kwanza ya ndoa aliniwekea masharti matatu. Ndani ya nyumba hakuna kuvuta. Shati la kazini linatundikwa nje. Na siku za kazi hakuna kubusiana.

Hilo la tatu liliniuma. "Moshi wako unakaa kwenye midomo yangu mpaka saa sita mchana," aliniambia, "na mimi kazi yangu iko hapohapo mdomoni." Basi nikawa nabusiwa Jumapili, tena baada ya kupiga mswaki mara mbili. Na hata hiyo Jumapili, akishanibusu alikuwa anageuka pembeni na kutema kidogo, bila hata kujua kwamba anatema. Mazoea ya kazi. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliwahi kutuona, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Shemeji," akasema huku anafuta machozi, "wewe ndiye soda pekee iliyokataliwa miaka yote hii na bado iko dukani."

Niliwahi kujaribu kuacha, msidhani sikujaribu. Nilitafuna peremende, nikatafuna karoti, nikatafuna njiti za kibiriti. Mara tano nilijaribu. Mara ya tano nilifika siku ya nne, nikamfokea mteja aliyeleta kandambili ya kushonwa, akaenda zake na kandambili yake, nami nikarudi kwenye pakiti yangu.

Mwaka jana ndipo likaja jambo. Kampuni moja ya mbali ilimletea meneja wa kiwanda kinywaji kipya. Kilikuwa soda ya tangawizi iliyotiwa nikotini, ile iliyomo kwenye tumbaku inayomfanya mtu aitafute tena na tena. Mwakilishi wao alikuwa bwana mmoja mtanashati, kila siku na tai shingoni, na wafanyakazi wakamwita Bwana Tai. Msiniulize kama walimaanisha ya shingoni au yule ndege. Maneno yake yalikuwa haya: anachokitafuta mvutaji ni nikotini, kinachommaliza ni moshi, basi mpe nikotini kwenye chupa, moshi atauacha mwenyewe. Mimi nasema kweli, maneno hayo yaliniingia. Marehemu bibi yangu alikuwa anasema "kunywa sigara", hata siku moja hakusema kuvuta, na sisi wajukuu tulikuwa tunamcheka. Loh, kumbe ingekuja siku ya kuinywa kweli.

Meneja alikuwa na haraka nacho. Mtambo mmoja ulikuwa umesimama tangu mwanzo wa mwaka, na watu pale walikuwa wanatazamana nani atamwaga unga kwanza. Mpango wao ulikuwa kinywaji kijaribiwe mwezi mzima na wavutaji wa hiari, watu wazima watupu, ndugu za wafanyakazi, na muuguzi wa kiwanda awapime kila Jumatatu. Mwezi ukiisha, mwonjaji mkuu atie sahihi, kinywaji kiende madukani. Mwonjaji mkuu ni nani? Ni mke wangu. Nikajiandikisha kabla hajamaliza kunieleza.

Siku alipokionja mara ya kwanza, alirudi nyumbani jioni. Akavua viatu, akakaa, akameza mate mara mbili.

"Vipi, mama watoto?" nikamuuliza.

"Kina kitu."

"Si wamesema ni tangawizi?"

"Tangawizi naijua. Ukali wa tangawizi unapanda, unakuja huku," akagusa pua. "Hiki kinashuka. Nimekitema kabisa, lakini mpaka sasa kiko hapa." Akashika koo. "Kinakereketa."

Neno lenyewe kila mtu analijua, ni lile la koo la mtu mwenye mafua. Lakini kwenye fomu halikuwemo. Kwa hiyo alikuwa ameliandika pembeni kwa mkono, "kinakereketa", akayaacha yale maneno mawili ya chini bila duara. Kesho yake meneja akamwita mbele ya Bwana Tai na waonjaji wenzake.

"Mama, fomu haina mstari wa kukereketa," meneja akasema. "Weka kwenye uchungu."

"Si uchungu."

"Basi weka kwenye harufu."

"Meneja, koo halinusi."

Bwana Tai akatabasamu. "Naona mama ni mkereketwa," akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mkereketwa si ndiye yule mtu wa kushabikia chama mpaka mishipa ya shingo inamtoka? Basi ikawa jina. Akipita kwenye korido anasikia nyuma, "Mkereketwa huyo." Mwanamke aliyewalinda wasipeleke soda iliyochacha madukani miaka thelathini na mmoja! Aliponisimulia nilitaka kwenda pale na nyundo yangu. Yeye akasema niache, jina halina ladha.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera kuliko jina. Utaratibu wake ni kuonja chupa tatu za kila tangi: ya kwanza kujazwa, ya katikati na ya mwisho. Ni utaratibu wa siku zote, hata mlinzi wa getini anaujua. Bwana Tai alikuwa anamletea za katikati tu. Akiulizwa, anasema za mwanzo na za mwisho zimeshapangwa kwenye kreti za watu wa majaribio. Na meneja akamkumbusha mke wangu, kwa adabu kabisa, kwamba amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu, haitapendeza amalizie kwa mabishano.

Huku nyuma mimi nilikuwa nanawiri. Chupa ndogo moja asubuhi, moja mchana, na hamu ya sigara ikawa inanyamaza. Sisi mafundi viatu huwa tunabana misumari midogo midomoni wakati wa kupiga soli. Miaka yote pembe ya kushoto ilikuwa ya misumari na ya kulia ya sigara. Sasa zote mbili zikawa za misumari, nikawa namaliza soli nusu ya muda. Siku tano zikapita, nane, kumi na moja! Sijawahi kufika siku kumi na moja tangu niote ndevu. Nilikuwa natembea kifua mbele, nawasalimia hata nisiowajua.

Jumapili ya katikati nikapiga mswaki mara tatu, nikajipeleka mwenyewe. Mke wangu akanibusu, akatulia, akageuka pembeni akatema.

"Hata wewe unakereketa," akasema.

Nilicheka, lakini moyoni niliumia.

Siku ya kumi na mbili nilifungua kreti mpya. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwalimu mmoja amekaa kwenye benchi langu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi mwangu. Nikanywa nusu chupa. Kabla sijaishusha nikahisi jasho la baridi mgongoni. Moyo ukaanza kwenda mbio, mate yakajaa mdomoni, mikono ikatetemeka, na ile sindano nene ya kushonea ngozi ikazama kwenye kidole gumba changu. "Fundi, una homa?" mwalimu akaniuliza. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikatapika kila nilichokula, nikaegemea ukuta wa posta mpaka dunia ikaacha kuzunguka.

Kisha nikajitia hamnazo. Muuguzi aliponiuliza nikasema sijambo. Nyumbani nikasema sindano iliteleza. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa na siku kumi na moja, jamani! Nilikuwa nimeshika kamba ambayo sikuwahi kuishika maishani, na kusema neno moja kungeikata. Ile nusu chupa niliirudisha nyumbani, nikaisukuma nyuma kabisa ya friji, na zilizobaki nikawa nakunywa funda mojamoja.

Ijumaa jioni nimekaa mezani, mke wangu akaja na ile nusu chupa mkono mmoja, na chupa ya kreti ya kwanza mkono wa pili. Akaziweka mbele yangu, na vijiko viwili, na bakuli la kutemea.

"Wewe hujawahi kubakiza kitu tangu nikujue," akasema. "Kwa hiyo nimeonja kilichobaki."

"Ehe?"

"Hizi si chupa za mama mmoja. Hii inakereketa mara mbili ya hii, tena na zaidi. Hakijakorogeka, Mzee. Ile nikotini yao inakuja kwenye kimiminika kizito, na wanaitia mwisho, baada ya gesi. Wanaogopa kukoroga sana gesi isije ikatoka. Kizito kinakaa chini. Na bomba la kujazia chupa liko wapi? Chini. Chupa za mwanzo zinabeba mzigo wote, za mwisho ni tangawizi tupu. Zile anazoniletea mimi, za katikati, ndizo pekee zilizo sawa." Akanitazama. "Kidole kimefanyaje?"

"Si nilikwambia? Sindano iliteleza."

"Haya," akasema. "Sitii sahihi."

Hapo nikapandisha. "Mama watoto, hiki ndicho kitu pekee kilichowahi kunisaidia! Utakiua kwa sababu ya mstari ambao hata kwenye fomu haupo?"

"Sahihi yangu haisemi kwamba kinakufaa wewe. Inasema chupa ya kwanza na ya mwisho ni ndugu."

"Ulimi wako umeninyima chumvi!" Nilisimama kabisa. "Umeninyima pilipili, umeninyima mke siku sita za wiki, sasa unaninyima hata kupona!"

Alikusanya vijiko, akaenda kuviosha, na nikamsikia anavisuuza mara ya pili kama kawaida yake. Nilijua nimemkosea. Nilijua pia kwamba ushahidi anaouhitaji uko kwenye kidole changu mwenyewe, na bado nikafyata mkia. Jumapili ile sikubusiwa, na wala sikuomba.

Siku ya uamuzi ikafika. Sisi watu wa majaribio tulialikwa tutoe ushuhuda, tukapangwa kwenye mabenchi ya chumba cha kuonjea. Ni chumba cheupe kitupu, hakina pazia wala ua, hata sabuni yao ya mikono haina harufu. Katikati kuna meza ndefu. Miaka thelathini na mmoja sikuwahi kuingia humo. Nilimwona mke wangu amevaa koti jeupe, nywele zimefungwa ndani ya kofia, nikashangaa jinsi alivyo mdogo na jinsi wote wanavyompisha.

Fomu iko mezani. Meneja akamsukumia kalamu. "Mama, tumalize."

"Nitamaliza," akasema. "Lakini asubuhi hii mmejaza tangi jipya. Nimemwomba fundi mitambo atoe chupa moja kila baada ya chupa mia, amepata nane. Zimimineni kwenye vikombe, andikeni namba chini, mvichanganye mnavyotaka. Nitavipanga kuanzia cha chupa ya kwanza kujazwa mpaka cha chupa ya mwisho. Nikikosea kimoja, natia sahihi na kesho siji kazini."

Moyo wangu ukadunda kuliko siku ile ya kibandani. Hii ndiyo kazi yake, jina lake na mafao yake, kaviweka vyote mezani kwenye vikombe! Meneja mwenyewe akamimina, akabandika namba, akavuruga vikombe huku mke wangu ametazama ukuta. Bwana Tai akasaidia. Kisha wakamwambia ageukie meza.

Akasukutua kwa maji ya vuguvugu. Akachukua kikombe cha kwanza, kijiko kimoja, akafumba macho, akatema. Akakiweka mbali kulia. Cha pili, akatema, akakiweka kushoto. Akawa anakwenda na kurudi, anasogeza hiki, anarudisha kile, kati ya kikombe na kikombe anasukutua na kusubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kunanitoa roho. Mwisho akabaki na vikombe viwili mkononi. Akavionja tena. Akakunja uso, kisha akaviweka pamoja, kimoja kinagusana na kingine.

"Mimi niliomba vikombe vinane," akasema, "hapa viko tisa. Hivi viwili vimetoka chupa moja. Aliyeongeza anajijua."

Meneja akainua kikombe cha kulia kabisa, akasoma chini yake. Moja. Akainua kinachofuata. Mbili. Tatu. Nne. Sauti yake ilikuwa inapungua kila namba. Vile viwili vilivyogusana, cha kwanza kiliandikwa tano, na cha pili tano vilevile, kwa mwandiko mwingine. Bwana Tai akaanza kurekebisha tai yake. Sita, saba, nane.

Jamani, nilitaka kupanda juu ya benchi! Huyo ni mke wangu! Nilimpiga kumbo jirani yangu, nikamwambia, "Huyo ni wangu," naye akanijibu kwamba anajua, nimeshamwambia mara tatu.

Lakini Bwana Tai hakukubali kirahisi. "Tunampongeza mama," akasema, "ila ulimi si mashine. Ladha kupishana ni jambo moja, madhara ni jambo lingine. Mwezi mzima watu hawa wamekunywa, na kwenye daftari la muuguzi hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Hapo alisema kweli. Meneja akageukia mabenchi. "Kuna yeyote aliyepata tatizo?"

Kila mtu akamtazama jirani yake. Mke wangu hakunitazama. Alikuwa anafunika kopo lake la kutemea, taratibu, kana kwamba mimi simo chumbani. Nikakitazama kidole changu. Siku zangu kumi na moja zilikuwa zimeshakuwa ishirini na tisa. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

"Mimi ni mume wa mwonjaji," nikasema, "mtasema namtetea wa kwangu. Lakini kidole hiki hakina mke." Nikawaonyesha. Nikasema yote, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika nyuma ya posta, na jinsi nilivyomdanganya muuguzi. "Nilinyamaza kwa sababu kinywaji hiki kilikuwa kinanisaidia, na nilijua nikisema kitazuiwa. Aibu ni yangu. Lakini chupa ile ingenywewa na mwenye moyo mbovu, leo tungekuwa msibani."

Nilipokaa, mwanamke mmoja mfagizi akasimama benchi la nyuma. Yeye alisema kreti zake hazikuwahi kumfanya lolote, ni kama kunywa maji ya tangawizi, na wiki ya pili alisharudi kwenye sigara zake kimyakimya. Mwanzo wa tangi na mwisho wa tangi tukawa tumekaa chumba kimoja. Meneja akaifunga kalamu yake.

Chupa zote nane zilipelekwa maabara ya serikali. Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Ya kwanza ilikuwa na nikotini zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa, ya nane karibu hamna kitu, na zilizo kati zinashuka hatua kwa hatua, kwa mpangilio uleule alioupanga mke wangu kwa kijiko. Meneja aliyasoma mbele ya wafanyakazi wote uwanjani, akamaliza, akakunja karatasi, akamwambia mke wangu mbele ya watu, "Mama, nisamehe." Wakapiga makofi mpaka njiwa wa kwenye paa wakaruka. Mimi nilikuwa nje ya uzio. Nilifunga kibanda siku ile, nani angenizuia?

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamuuliza kama alijua habari ya kidole.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Sindano haitelezi mkononi mwako. Sijawahi kuiona ikiteleza."

"Sasa mbona hukunitaja? Si ungemaliza ubishi mapema!"

"Ile fomu ni ya kinywaji," akasema. "Si ya mume wangu. Wewe nilikuwa nakungoja."

Majaribio yalisimamishwa siku ileile ya uamuzi, nikabaki sina chupa wala sigara. Mnajua kwa nini sikurudi kuvuta? Jeuri tu. Sikutaka mtu apite nyuma ya posta aseme, huyu si yule mume wa Mama Ulimi aliyesimama akatoa ushahidi, mbona anafuka moshi? Wiki tatu za mwanzo niligombana na wateja, na paka wa posta, na redio. Nilibana misumari mingi midomoni mpaka nikaongea kama mtu mwenye meno ya bandia. Ila sikuvuta.

Bwana Tai aliondoka, akarudi baada ya miezi minne na mkemia na mpango mpya. Sasa nikotini inachanganywa na maji kabla ya gesi, inakorogwa saa nzima, na kwa kila tangi maabara inapelekewa chupa ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Sukari imetolewa. Kinakuja kwenye kikopo kidogo cha kijivu, hakuna mtoto atakayekifananisha na soda, kimeandikwa ni cha wavutaji watu wazima peke yao, na dukani kinakaa nyuma ya muuzaji. Yote hayo yalitoka kwenye orodha ya mke wangu. Na fomu mpya zikachapishwa. Nimeiona kwa macho yangu, meneja ameiwekea fremu ukutani: utamu, uchachu, uchungu, gesi, harufu, mkereketo. Neno la mke wangu, herufi za kiwandani! Waonjaji wapya wanafundishwa kwa kugusa pua, halafu koo, hiki kinapanda, hiki kinashuka. Lile jina la Mkereketwa nalo limebaki, lakini sasa wanaliita huku wanasimama kumpisha.

Siku alipozungushia "Imepita" kwa mara ya kwanza alikuja na kikopo kimoja nyumbani, akakiweka mezani mbele yangu. "Kiko sawa, cha kwanza mpaka cha mwisho," akasema. "Ulikingoja sana."

Nilikiangalia. Nilikuwa na miezi sita na siku nne bila chupa wala sigara. "Kampe mfagizi," nikasema. Alimpa, na mfagizi anasema safari hii kinamsaidia, na mimi namwamini.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili ikapita na mambo yake ya kawaida. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni nafunga kamba za viatu, yeye kavaa, mkoba begani, funguo mkononi. Akatoka. Akafika kwenye ngazi, akasimama, akarudi.

Akanibusu. Siku ya kazi! Nilibaki nimeinama nusu, kamba mkononi. Alikuwa amefumba macho vilevile alivyofumba mbele ya vile vikombe tisa, na mimi nikasubiri kama soda, nahesabu pumzi. Hakugeuka pembeni.

"Mkereketo?" nikamuuliza.

"Hakuna."

Nikamtazama mdomo. Alimeza mate.

"Imepita," akasema, akaenda kazini.